Barua ya Wazi kwa Vijana Mnaopita Mwenge Bila Kutazama

Wanangu wapendwa, salaam.

Nawaandikia ninyi mnaosoma katika vyuo vya Dar es Salaam, mnaopanda daladala Mwenge si mbali na vibanda vya wachongaji wa vinyago, na ambao mnaamini kwamba vitu vile ni vya watalii au vya watu waliosomea sanaa. Imani hiyo inaniuma, kwa kuwa inawanyima starehe isiyodai cheti wala kiingilio.

Ushauri wangu ni mmoja. Mkisimama mbele ya kazi ya sanaa, liwekeni kando kwanza swali la maana yake. Ulizeni imetengenezwa kwa kitu gani, na mkono wa msanii umekifanyia nini kitu hicho.

Anzeni na kinyago cha ujamaa cha Wamakonde, kile chenye watu waliobebana kutoka chini hadi kileleni. Kimetoka katika gogo moja la mpingo, bila kiungo wala gundi. Mpingo una kiini cheusi na tabaka jembamba la rangi hafifu kwa nje, na wapo wachongaji wanaoliacha kwa makusudi, litafuteni. Kizungukeni kinyago polepole, mtazame nafasi zilizo wazi baina ya mikono na migongo, ambamo patasi imepita bila kuvunja hata kidole, katika mti mgumu unaotia chuma ubutu. Ombeni ruhusa mkinyanyue: mpingo ni mzito hata huzama majini, na mti mwingine uliopakwa rangi ya viatu utajisema wenyewe kwa wepesi wake. Baada ya hapo ndipo tuzungumze habari za ukoo na umoja, kwa sababu mtakuwa mmekwisha kuona jinsi kila mtu katika gogo lile asivyoweza kuondolewa bila wa juu yake kuanguka. Mkishauzoea ujamaa, ombeni kuonyeshwa shetani, mtindo unaohusishwa na mchongaji Samaki Likankoa wa miaka ya 1950, ambamo jicho, sikio na mguu havikai pale mnapovitarajia.

Swali hilohilo litawafaa kwa Edward Saidi Tingatinga, mwenyeji wa Tunduru, aliyeanza kuchora hapa Dar es Salaam mwaka 1968. Hakutumia turubai, alitumia vipande vya hadibodi na rangi ya mafuta ambayo watu hupakia milango na baiskeli. Rangi hiyo hung'aa na kukauka ikiwa nzito, na ndiyo sababu mnyama wake husimama waziwazi, mwenye mipaka mikali, mbele ya usuli mtupu. Alifariki mwaka 1972, na wale aliowafundisha wakaiendeleza kazi. Mimi nazipenda zaidi picha zake zenye mnyama mmoja peke yake kuliko zile zilizojazwa kila pembe tunazoziona madukani leo, lakini hayo ni macho yangu, nanyi mna yenu.

Aliyejizoeza hivyo hatababaika mbele ya kazi za leo. Michael Armitage, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1984, huchora kwa rangi za mafuta juu ya lubugo, nguo ya gome la mti wa mutuba ambayo mafundi wa Buganda huigonga kwa nyundo za mbao hadi itanuke, na ambayo Waganda huwazikia wafu wao. Lubugo huwa na matundu na mishono, na Armitage hayafichi. Mshono waweza kuupasua uso wa mtu katikati. Kijana wa Kagera ambaye bibi yake aliwahi kumsimulia habari za nguo ya gome ana la kusema mbele ya picha hiyo, hata kama hajawahi kukanyaga jumba la sanaa.

Na mkipata nauli, nendeni Kolo, wilayani Kondoa, kwenye michoro ya miambani iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006. Humo mna watu wembamba na wanyama waliochorwa kwa rangi nyekundu, na michoro mingine ya rangi nyeupe iliyokuja baadaye. Kaeni mpaka macho yazoee, maana mistari mingi haionekani mara moja. Msiuguse mwamba, wala msiumwagie maji ili picha ya simu itoke vizuri. Wenyeji bado hufanya matambiko katika baadhi ya mapango hayo, kwa hiyo mfuateni mwongozaji wa palepale na mwombe idhini kabla ya kuingia.

Mzee wenu,
Mwalimu mstaafu