Mdoli wa Zamani Unaponata: Soma Kwanza Kabla ya Kuupaka Chochote

Wateja wengi wanaotuletea midoli na vitu vya kuchezea vya zamani tuvitengeneze hutufikia wakiwa wameshajaribu jambo. Mmoja kasugua kwa spiriti, mwingine kapaka mafuta ya mgando, yupo na aliyeloweka mdoli usiku kucha kwenye dawa ya kung'arishia nguo. Plastiki kuukuu haisameheani na majaribio ya namna hiyo, kwa sababu "plastiki" si kitu kimoja. Kinachosaidia aina hii kinaimaliza ile.

Tuanze na kunata, maana ndilo lalamiko kubwa. Midoli mingi yenye mwili laini imetengenezwa kwa PVC, yaani vinili. Kwa asili yake vinili ni ngumu. Ili iminyike kama nyama ya mkono, kiwandani huchanganywa na kilainishi, kimiminika kizito chenye asili ya mafuta. Kilainishi hicho hakikuungana na plastiki kikemia, kimejibanza tu ndani yake, na kadiri miaka inavyokwenda kinapanda juu kidogo kidogo. Ndiyo maana unaufuta mdoli leo unang'aa, halafu baada ya muda vumbi limeganda tena palepale, hasa kwenye mapaja na nyuma ya shingo. Si uchafu wa nje huo. Mdoli unatoa jasho lake wenyewe, na joto linaliharakisha. Kikishatoka kingi, mwili unasinyaa na kukakamaa. Sisi tunaweza kuusafisha na kukushauri namna ya kuuhifadhi ili kasi ipungue, lakini kukirudisha kilainishi ndani hatuwezi. Anayekuahidi hivyo, muulize anakiingizaje.

Kilainishi hicho hakiishii kwenye mdoli. Kikigusa polistirini, ile plastiki ngumu inayokatika kwa mlio, kinaiyeyusha. Tumepokea magari madogo ya kuunganisha yaliyokaa miaka ndani ya boksi, tairi laini zimelalia boneti, na boneti imebaki na alama ya tairi iliyozama, mistari yake yote ikionekana. Hapo ni kujaza, kupiga msasa na kupaka rangi upya. Kwa mkusanyaji anayetaka kitu halisi, hiyo ni hasara.

Barbie za mwanzoni, zilizoanza kuuzwa 1959, zina ugonjwa wao: doa la kijani masikioni. Hereni zilikuwa na shaba ndani yake, na shaba ikikutana na vinili kwa miaka mingi rangi inazama ndani. Kama bado zina hereni, zitoe leo, uzihifadhi kwenye mfuko wa pembeni. Tena, usiamini sana mwaka uliochapwa mgongoni. Mara nyingi ni mwaka wa hakimiliki ya umbo, nao uliendelea kuchapwa kwa miaka mingi baadaye.

Umanjano ni habari nyingine. Matofali ya kuchezea ya LEGO yalihamia plastiki ya ABS mwaka 1963, na ABS hugeuka njano taratibu kwa mwanga na hewa. Watu huyang'arisha kwa haidrojeni peroksaidi na mwanga wa jua. Weupe unarudi kweli, ila mara nyingi umanjano nao hurudi, na ukizembea unabaki na mabaka. Kazi hii tunaifanya kwa shingo upande. Kama kipande ni adimu, ushauri wetu ni kukiacha na umanjano wake.

Zipo na plastiki za rangi ya dhahabu zenye mawimbi, kama kwenye baadhi ya Transformers, roboti za kuchezea zinazojikunja kuwa kitu kingine, za mwishoni mwa miaka ya 1980 na kuendelea. Hizo humeguka ukizigeuza tu. Usijaribu kuona kama roboti bado inajikunja. Iweke ilivyo.

Sasa la hatari. Midoli mingi myepesi, yenye ganda jembamba, ya kabla ya Vita Kuu ya Pili ni ya seluloidi, plastiki ileile iliyotumika kwenye mipira ya tenisi ya meza kwa miongo mingi. Inashika moto upesi mno. Ukiisugua kwa kidole mpaka ipate joto, inanukia kafuri. Usiipime kamwe kwa sindano ya moto, hata kama umeona mtu akifanya. Ikianza kuharibika hutoa mvuke wa asidi unaotia kutu vyuma vya karibu na kuumbua midoli jirani, kwa hiyo iweke peke yake mahali pa baridi panapopitisha hewa, mbali na moto. Hatuipokei kwa posta. Harufu ya siki inaashiria plastiki nyingine, asetati ya selulosi. Nayo itenge, na usiifungie kwenye mfuko.

Kwa vingine vyote: kivuli, ubaridi, visigusane, na visikae darini. Vinili usiifunge kwa gazeti, wino wake unaingia moja kwa moja. Kusafisha ni maji ya uvuguvugu, tone la sabuni laini na kitambaa, kisha kausha. Asetoni, ile ya kuondolea rangi ya kucha, kaa nayo mbali.

Ukitutumia picha, piga kwenye mwanga wa mchana bila kivuli, onyesha na maandishi ya mgongoni au chini ya nyayo. Tuambie kinanukia nini, na umeshakipaka nini. Hatugombezi mtu, ila jibu hilo la mwisho ndilo linaloamua tuanzie wapi.