Tunaambiwa tupunguze mawazo, lakini yanapunguzwaje?

Mhariri,

Mwezi uliopita nilikwenda kliniki ya presha, na muuguzi, baada ya kunipima mara mbili na kutikisa kichwa, aliniagiza nipunguze vitu vitatu: chumvi, mafuta na mawazo. Chumvi niliipunguza siku hiyo hiyo, na mafuta sasa tunayapima kwa kijiko. Mawazo hakunieleza yanapunguzwaje, nami nilipoitazama foleni iliyokuwa nyuma yangu niliona haya kumuuliza. Nadhani wengi wanaopewa agizo hilo hutoka mlangoni kama nilivyotoka mimi, wakijua la kufanya bila kujua namna ya kulifanya.

Mtu aliyeelemewa, sisi husema ana mawazo, na Washona wa Zimbabwe nao wana neno lao, kufungisisa, yaani kufikiri kupita kiasi. Huko Harare, tangu mwaka 2006, Dkt. Dixon Chibanda amekuwa akiwafunza mabibi wa mitaani kuketi na wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati, wakawasikiliza na kuwasaidia kuchagua tatizo moja tu na kulitafutia njia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba baada ya miezi sita waliopitia benchi walikuwa wamepata nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida, na mpango huo umefika hadi Zanzibar. Kilichonivutia ni kwamba bibi hamwambii mtu apunguze mawazo, bali humfanya ayatoe moja moja na kuyatazama.

Mimi benchi sina, nina daftari. Wazo lililoninyima usingizi nililiandika kwenye ukurasa wa kwanza, neno kwa neno: "Nisipochanga harusi za watu, siku nikifiwa hakuna atakayekanyaga kwangu." Ni mstaafu, na kwenye simu yangu kulikuwa na makundi matano ya kamati za harusi. Wasomaji wanayajua makundi hayo: kila asubuhi mweka hazina hurusha orodha yenye majina, ahadi na alama ya tiki kwa waliokwisha kulipa, na asiyeahidi jina lake hubaki na nafasi tupu mbele yake. Mimi nilikuwa namba 47. Niliamka usiku wa manane kuitazama nafasi ile, kana kwamba ingejijaza yenyewe.

Miaka ya 1960, daktari wa akili wa Marekani aitwaye Aaron Beck aliwazoeza wagonjwa wake kuyauliza mawazo yao swali ambalo hakimu humuuliza mlalamikaji: ushahidi uko wapi? Nikaliuliza la kwangu. Miaka miwili iliyopita tulimzika mama mkwe, basi nikaanza kuwaandika waliokuja, si wale waliopita kutoa pole na kuondoka, bali waliochota maji, waliokesha, aliyetuazima turubai na yule kijana wa bodaboda aliyekwenda sokoni mara tatu bila kudai nauli. Yalifika majina 31. Nilipohesabu ni wangapi kati yao niliwahi kuwachangia harusi, nikapata wanne. Kijana wa bodaboda hata hajaoa.

Mficha uchi hazai, kwa hiyo kesho yake nilimpigia mwenyekiti wa kamati nikamweleza kwamba laki moja ya kadi ya watu wawili sinayo, kwamba nitatoa elfu ishirini, na kwamba siku ya shughuli nitawahi ukumbini kupanga viti. Nilikuwa nimejiandaa kwa ukimya mrefu. Akasema, "Asante sana Mwalimu, maana wengi hawapokei hata simu." Nafasi yangu ikajazwa, na usiku ule nililala.

Nisieleweke kwamba kila kizito ni mawazo tu. Mwenye nyumba anapodai kodi ya miezi sita kwa mkupuo, deni hilo ni deni, halitaondoka kwa kuandikwa kwenye daftari, na wale wahamasishaji wanaowaambia vijana wasio na ajira kwamba kinachowafunga ni fikra zao wenyewe wananikera. Ninachosema ni kwamba juu ya deni la kweli mara nyingi huwa tumepandisha mzigo wa pili, hukumu ya watu ambao hatujawauliza, na huo wa pili ndio unaoweza kuhojiwa.

Ombi langu ni dogo. Gazeti lako hutoa nafasi kila wiki kwa ushauri wa lishe, hata gramu za chumvi tumezijua, naomba waandishi wako wa afya watueleze kwa kina kama hicho namna ya kulihoji wazo, na wakuu wa zahanati wawaruhusu wauguzi dakika tano za kuuliza, "Ni wazo gani hilo, mzee?"

Kliniki narudi mwezi ujao. Kwenye ukurasa wa pili nimeshaandika jingine: "Baba asiyejenga kijijini kwao ameshindwa maisha." Ushahidi wa hili bado naukusanya, na nakiri ni gumu kuliko lile la harusi, maana msingi niliouchimba mwaka 2009 umeota nyasi, na ndugu zangu wanaupita kila siku wakienda kisimani.

Mwalimu mstaafu,
Kihonda, Morogoro