Aplikesheni ya kusomea pamoja ianze na mwanafunzi asiye na bando

Mhariri, habari za kazi. Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wako wa barua, nina neno kwa hawa vijana wetu wanaotengeneza aplikesheni za kusomea. Siku hizi wapo wengi na nawapongeza kwa moyo wote, ila naona wengi wao wanamtengenezea mwanafunzi ambaye huku kwetu Tanga hatunaye.

Mimi nafundisha jioni watu wa QT hapa Ngamiani, yaani ule mtihani wa maarifa wa NECTA, Baraza la Mitihani la Tanzania, kwa wale ambao hawakupita sekondari ya kawaida. Wengine wanakuja darasani, wengine wako mbali, Pangani, Maramba, Mlalo huko milimani, hao wanasoma wenyewe kwa simu na tunakutana nao kwenye magrupu ya kuchati. Kuna mama lishe, kuna bodaboda, kuna wadada waliokatisha shule kwa ujauzito (serikali ilifungua mlango wa kurudi Novemba 2021, ila si kila mmoja anaweza kukaa darasani na mtoto mgongoni, wapo waliochagua njia hii). Ukisema kusoma kwa mbali, mimi hao ndo nawaona.

Sasa fungua hizo aplikesheni, kitu cha kwanza unachokutana nacho ni video. Kipindi cha moja kwa moja, kamera iwake, kila mtu aonekane. Jamani bando la nani? Sauti ya kawaida ya mtu anayeongea ukiibana mpaka kilobiti 16 kwa sekunde inakula kama KB 120 tu kwa dakika, maana yake mwalimu anaweza kueleza Pythagoras dakika kumi nzima na faili halifiki hata MB moja na nusu, ongeza picha mbili za ubao zilizopunguzwa ukubwa na somo limekamilika, mtu wa Mlalo analishusha akipanda sehemu yenye mtandao kisha anarudi nalo nyumbani kusikiliza hata mara tano bila kulipia tena. Video iwepo kwa anayeitaka, ila isiwe ndo mlango wa kuingilia.

Na kufanya kazi bila mtandao iwe tangu mwanzo, isije kuongezwa baadaye kama kiraka. Mwanafunzi aandike notsi na ajibu maswali akiwa hana hata MB moja, halafu mtandao ukirudi vitu viende vyenyewe. Najua mtakuja na swali la watu wawili kuhariri notsi ile ile kila mmoja kwake, nani afute ya mwenzie? Asifute mtu, zibaki zote mbili na majina ya walioandika, kundi likae liamue. Nyie wenyewe mnaoandika programu mna Git, ile programu ya kutunza na kuunganisha kazi ya watu wengi, tangu Linus Torvalds aitengeneze 2005, mnafanya kazi bila mtandao na kuja kuunganisha baadaye kila siku ya Mungu, basi raha hiyo mpeni na mwanafunzi wa biolojia.

Lakini kinachoniuma zaidi ni maswali. Kwenye magrupu haya tunayotumia mtu anauliza hesabu za moli saa nne usiku, kabla hajajibiwa zimeingia salamu, tangazo la vitenge, mkeka wa mpira, asubuhi swali limezama na aliyeuliza anaona aibu kurudia, ananyamaza, na wengi walioacha kusoma nimeona walianzia hapo kwenye kunyamaza. Mimi ningeomba aplikesheni iliyojengwa juu ya swali. Swali likiulizwa libaki wazi mbele ya kundi lote, lisifungwe na mwalimu, lifungwe na aliyeuliza akishasema nimeelewa. Anayejibu aoneshe njia, sio jibu tupu. Halafu baada ya wiki swali lile lile liwarudie wote wajipime bila kuangalia notsi, maana wapo watafiti wawili Marekani, Roediger na Karpicke, walionesha 2006 kwamba wanaorudia kusoma wanafanya vizuri ukiwapima baada ya dakika tano, ila ukisubiri wiki wanaopita mbele ni wale waliojipima kwa kukumbuka. Hili kwa watu wangu ni kubwa sana kwa sababu anayesoma kapata nusu saa tu kati ya chapati na kulala, hana muda wa kupitia daftari zima. Na makundi yawe madogo, watano au sita, kundi la mamia ya watu hakuna anayejiona anadaiwa jibu.

Nije kwenye jambo ambalo sijaona likiongelewa. Mdada akiingia kwenye grupu namba yake ya simu inaonekana na kila mtu, usiku anaanza kupokea meseji za watu asiowajua, wiki ya pili kajitoa na masomo kayaacha. Nimewapoteza wanafunzi wazuri kwa hilo. Jina la kundini linatosha, namba ifichwe, na kuwe na mtu wa kupokea malalamiko anayejibu kweli. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tunayo, ilipitishwa 2022 na ikaanza kutumika Mei 2023, sioni kwa nini aplikesheni ya shule iikwepe. Vilevile kumbukeni simu nyingi ni za nyumba nzima, mama, mtoto na shemeji wanapokezana, kila mtu awe na sehemu yake yenye namba ya siri, na programu yenyewe iwe nyepesi maana memori siku zote imejaa.

Kama yupo kijana anayetengeneza kitu cha namna hii, Mhariri, mwambie asisubiri mpaka amalize. Aje nacho kikiwa kibovu kibovu, jioni baada ya magharibi tupo, wanafunzi watakijaribu kwenye simu zao zilizopasuka vioo na watamwambia ukweli.

Mwalimu wa jioni,
Ngamiani, Tanga