Krimu ya mchanganyiko si dawa ya kila kipele cha mtoto

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie tyubu za krimu ya mchanganyiko ambazo wazazi hapa Mombasa huuziwa kila mtoto anapotoka vipele. Ndani mna dawa tatu: ya kuua kuvu, ya kuua bakteria, na steroidi kali. Mara nyingi muuzaji hata mtoto hajamwona. Steroidi hutuliza mwasho kwa siku chache, mzazi akashukuru, kumbe ugonjwa umefunikwa tu.

Chukua choa. Alama yake ni duara lenye ukingo ulioinuka na magamba. Likipakwa steroidi, ukingo hufifia huku kuvu ikizidi kutanda, kwa sababu kinga ya ngozi imelazwa. Tyubu ikiisha, doa hurudi pana zaidi na bila sura yake ya awali, hata daktari akapata taabu kulitambua. Mapunye ya kichwani ndiyo kabisa: kuvu imeingia ndani ya unywele, na krimu haifiki huko. Dawa yake ni ya kumeza, griseofulvin, kwa kipimo cha uzito wa mtoto, kila siku kwa wiki 6 hadi 8, pamoja na maziwa au chakula chenye mafuta ili iingie mwilini vizuri. Wengi huikatiza nywele zikianza tu kuota, na mapunye hurudi.

Hatari kubwa zaidi iko ndani ya nepi. Ngozi ya mtoto mchanga ni nyembamba, na nepi iliyofungwa huisukuma dawa ndani kama bendeji. Steroidi kali ikipakwa hapo wiki baada ya wiki huikondesha ngozi, na ikiingia kwenye damu inaweza kuzuia tezi zilizo juu ya figo zisifanye kazi yake. Kabla ya kupaka chochote, panua mikunjo ya mapaja utazame. Mikunjo ikiwa safi na ngozi imechubuka pale nepi inapogusa, huo ni mkojo na kinyesi: badilisha nepi mapema, osha kwa maji matupu, mwache mtoto wazi kwa muda, kisha paka mafuta mazito ya zinki. Mikunjo yenyewe ikiwa imeungua, na vipele vidogo vimetawanyika pembeni, hiyo ni kuvu. Nistatini au clotrimazole isiyo na steroidi, mara mbili kwa siku, inatosha. Katika ngozi nyeusi usisubiri kuona wekundu. Tafuta rangi ya kahawia iliyokoza, zambarau au kijivu, na upitishe kidole uhisi joto na mkwaruzo.

Msimu wa kaskazi huleta harara shingoni, kifuani na mgongoni: vijipele kama vichwa vya pini, kwa kuwa vinyweleo vya jasho vimeziba. Mafuta ya mgando na poda huziba zaidi. Punguza nguo, mwogeshe kwa maji ya vuguvugu, na kama ni ya kisima chenye chumvi, msuuze kwa maji yasiyo na chumvi. Basi.

Upele, ule wa wadudu wadogo wanaochimba ngozi, unataka kazi zaidi. Mwasho huzidi usiku, vipele hukaa kati ya vidole na kwenye vifundo vya mikono, na kwa watoto wachanga hata viganjani, nyayoni na kichwani. Uliza kama kuna mwingine nyumbani anayejikuna. Krimu ya permethrin ya asilimia 5, inayoua wadudu hao, hutumika kuanzia umri wa miezi 2: hupakwa usiku mwili mzima, chini ya kucha na kitovuni pia, ikaoshwa baada ya saa 8 hadi 14, na kurudiwa baada ya wiki moja. Mtoto mdogo hupakwa na kichwani, mbali na macho na mdomo, kisha huvishwa soksi mikononi asije akailamba. Aliye chini ya miezi 2 apelekwe kliniki. Wote wa nyumba hiyo wapakwe usiku uleule, hata asiyejikuna, la sivyo wadudu watazunguka tu. Nguo na shuka zifuliwe kwa maji moto. Zisizofulika zifungwe mfukoni siku 3. Mwasho unaweza kuendelea wiki 2 hadi 4 baada ya wadudu kufa, na hapo ndipo wazazi hukimbilia tyubu ile.

Kuna yasiyohitaji dawa hata tone. Mabaka ya samawati kiunoni na makalioni ni ya kuzaliwa nayo, si michubuko. Vijipele vyenye kichwa cheupe vinavyotokea siku za kwanza, mtoto akinyonya vizuri na bila homa, hupotea vyenyewe. Lakini mtoto wa chini ya miezi 2 mwenye vipele vingi vya usaha, kitovu kilichovimba, joto la nyuzi 37.5 au zaidi, au anayekataa titi, apelekwe hospitali saa hiyohiyo. Hali kadhalika viganja na nyayo zikigeuka manjano.

Sisemi steroidi ni sumu. Mtoto mwenye ukurutu huihitaji, ile hafifu ya hydrocortisone asilimia 1, kwa siku chache, pamoja na mafuta ya kulainisha ngozi kila siku. Mstari wa krimu wa urefu wa pingili ya mwisho ya kidole cha shahada cha mtu mzima hutosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima pamoja na vidole vyake.

Wazazi, someni kasha: mkiona betamethasone au clobetasol, ambazo ni steroidi kali, msimpake mtoto bila kauli ya daktari. Nanyi wauzaji, ulizeni kwanza umri wa mtoto, kipele kiko wapi, na nani mwingine nyumbani anajikuna. Naisihi Bodi ya Famasia na Sumu pamoja na idara ya afya ya kaunti zipite madukani na kuzitoa krimu hizi kwenye rafu za mbele, ziuzwe kwa cheti cha daktari pekee.

Mhudumu wa afya ya watoto,
Kisauni, Mombasa