Barua kwa Mwanangu Aliyeanza Kazi Ugenini

Mwanangu mpendwa,

Nimeshukuru kusikia kwamba umefika salama na umeshapata chumba. Umeniandikia kwamba kila uonapo bei unatoa simu, unapiga hesabu kwa fedha ya nyumbani, kisha unakirudisha kitu mahali pake. Mwanzoni hofu hiyo ina faida, kwani humzuia mgeni kutapanya noti asizozizoea. Lakini usikae nayo muda mrefu, kwa sababu sasa unalipwa kwa fedha ya huko, na ukiendelea kupima matumizi ya huko kwa mshahara wa huku utajinyima hata vitu vya lazima. Jifunze kwanza kodi ya chumba, nauli ya siku, mlo wa kawaida na malipo ya saa moja ya kazi; kitu kingine chochote kipime kwa hivyo, ujiulize ni cha saa ngapi za jasho lako.

Kwa kuwa kazi yako itakuhamisha kutoka nchi moja hadi nyingine, usiruhusu wingi wa sifuri ukutishe wala uchache wake ukulaghai. Dinari moja ya Kuwait, inayogawanyika katika fils 1,000, ina thamani inayozidi dola 3 za Marekani, ilhali noti ya rupia 100,000 ya Indonesia haifiki dola 10. Soma pia alama kwa makini: Ujerumani nukta hutenganisha maelfu na mkato hutenganisha senti, hivyo 1.500 ni elfu moja na mia tano.

Jioni moja ukiwa chumbani, mwaga sarafu zote mezani, uzipange kwa thamani, kisha uzishike moja moja ukiwa umefumba macho mpaka vidole vizitambue. Ukubwa pekee hautoshi. Sarafu ya senti 10 ya Marekani ni ndogo kuliko ya senti 5, tena haina tarakimu ya thamani yake. Sarafu ya yeni 5 ya Japani ina tundu katikati, na thamani yake imeandikwa kwa herufi za Kijapani tu. Noti za yuro huongezeka ukubwa kadiri thamani inavyopanda, lakini za dola ya Marekani zote zina kipimo kimoja, kwa hiyo usizitoe gizani bila kuzitazama. Mwenye foleni nyuma yako akikuharakisha, hesabu chenji yako vilevile.

Mashine ya kutolea pesa ikikuuliza kama utozwe kwa fedha ya kadi yako au ya nchi uliyomo, chagua ya nchi uliyomo, kwa kuwa ukichagua ile nyingine utabadilishiwa kwa kiwango alichojipangia mwenye mashine, na mara nyingi ni kibaya kuliko cha benki yako.

Hesabu ya kubadilisha iweke kwa ajili ya fedha utakayotuma nyumbani, na hapo uwe mkali. Usitazame ada peke yake, maana wapo wanaotangaza kwamba hawatozi ada huku faida yao wameiingiza katika kiwango cha kubadilishia. Linganisha kiasi kitakachotufikia mkononi kwa kila njia, siku ileile, kabla hujabonyeza kutuma.

Mama yako akupendaye