Barua ya wazi kwa wajukuu wa kibarazani Kikuyu, Dodoma: huo mwaka wa faundesheni

Mbukwenyi wajukuu zangu,

Shikamoo zenu za Jumamosi nilizipokea zote, marahaba. Swali lenu ndilo niliondoka nalo bila kulijibu, maana giza lilishaingia na usiku macho yangu hayanitii. Mliniambia kuna vyuo vya Uingereza vimewajibu kuwa mnaweza kusoma shahada ya sayansi ya kompyuta na utengenezaji wa magemu, ila kwa matokeo yenu ya kidato cha sita lazima muanze na mwaka mmoja wa faundesheni, yaani wa maandalizi kabla ya shahada yenyewe. Mmoja wenu, ambaye bado ana kipara cha JKT Makutupora, akasema, "Babu, si ni kurudia fomu siksi kwa bei ya pauni?" Mkacheka, na mimi nikacheka. Leo najibu kwa maandishi na kwa uwazi, kwa sababu najua wapo wenzenu wa Kondoa, Manyoni na Singida wanaojiuliza hilohilo na hawana kibaraza cha kuulizia.

Mwenye uwezo wa kwenda, aende, na huo mwaka asiuonee haya. Lakini aende akijua ni mwaka wa nini. Mtaambiwa ni wa kuzoea mazingira, wa Kiingereza cha kitaaluma, wa kujifunza kuandika ripoti. Hayo yamo, na hayatawasumbua sana. Kwa mtu anayetaka kutengeneza magemu, ule ni mwaka wa kuitengeneza upya hisabati yake.

Nasema hivi nikiwa na hatia kidogo. Nimefundisha hisabati sekondari miaka 31 na najua tulivyowafundisha. Tuliwakimbiza kuelekea pepa. Vekta, yaani namba zinazoonyesha upande na umbali, ilikuwa mada moja, mkafanya maswali mawili matatu ya mitihani iliyopita, mkajua yanavyokuja, mkasonga mbele. Wale wa BAM (Basic Applied Mathematics) ndio kabisa, kwenu hisabati ilikuwa mzigo wa pembeni wa kubeba ili upite. Wa HGL (Historia, Jiografia na Lugha) hamkuigusa tangu fomu foo. Sasa mnaniambia mnataka gemu, na gemu ndiyo mahali ambapo vekta inafanya kazi mchana na usiku.

Chukueni yale magemu mnayocheza kwenye vibanda vya Majengo, ya kunyata nyuma ya askari. Askari anajuaje kuwa upo mbele yake au nyuma yake? Hana macho. Ana namba. Tuseme anatazama mashariki, yaani (1, 0): hatua 1 mashariki, 0 kaskazini. Wewe, ukipimwa kutoka aliposimama, uko (-3, 2). Zidisha za kwanza kwa za kwanza, za pili kwa za pili, jumlisha: 1 mara -3 ni -3, 0 mara 2 ni 0, jumla -3. Imetoka hasi, basi uko nyuma yake na hakuoni. Ingetoka chanya, uko upande wake wa mbele, na hapo ndipo inapoanza hesabu ya kama kuna ukuta katikati yenu. Kama gemu inachora picha 60 kwa sekunde, kompyuta ina milisekunde 16 na ushei kumaliza hesabu hiyo kwa kila askari, pamoja na risasi zote, kivuli, mvua na sauti, kisha inaanza upya. Hilo ndilo somo ambalo mwanafunzi wangu mmoja aliniuliza mwaka fulani, "Mwalimu, hii tutaitumia wapi?" nikamjibu, "Kwenye mtihani." Mungu anisamehe.

Basi niwape kisa cha mwezi uliopita. Mjukuu wangu wa kike, anayesoma mwaka wa pili pale Chimwaga, Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), alikuja na laptopu yake akiwa amenuna. Alikuwa anaandika gemu ya bao. Bao mnalijua: mashimo 32, kete 64. Kwenye namua, hatua ya kwanza ya mchezo, kila mchezaji anaanza na kete 10 ubaoni, sita kati ya hizo zikiwa ndani ya nyumba, lile shimo kuu, na 22 mkononi. Alilipanga vizuri, mbao imekaa kama mbao, na hata sauti ya komwe, zile mbegu za kete, zikigongana aliiweka. Ila kila tukicheza kidogo mambo yanaharibika. Shimo lenye kete nyingi linaishia njiani, mtu anakosa mtaji (nafasi ya kula kete za mwenzake) aliokuwa nao. Amekodolea kodi yake siku tatu (kodi za kompyuta, yale maagizo inayoandikiwa, msiende kuzilipa TRA) na haoni kosa.

Mimi C++, lugha ya kompyuta aliyoandikia gemu yake, siijui. Bao nalijua. Nikamwambia, "Hebu hesabu kete."

Akaandika kipande kidogo cha kujumlisha kete zote, za ubaoni na za mikononi, kila mtu anapomaliza kucheza. Tukacheza. 64. Tukacheza tena, 64. Mara ya tano nikazungusha kete hadi shimo la mwisho la upande wangu na kupitiliza. Ikatoka 63. Alinyamaza, akaisogelea skrini hadi pua ikakaribia kugusa kioo.

Kila upande una mashimo 16. Kompyuta inayahesabu kuanzia 0, kwa hiyo la mwisho ni 15. Kwenye mstari wa kuzungusha aliandika kwamba namba ikizidi 16 irudi 0, wakati alitakiwa kusema ikifika 16. Kwa hiyo kete moja ilikuwa inaangushwa kwenye shimo namba 16, ambalo halipo. Lugha nyingine ingepiga kelele palepale na kugoma. C++ kwa kawaida haisemi kitu. Inaitupa hiyo kete kwenye kumbukumbu ya jirani, juu ya kitu kingine, na gemu inaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Dawa yake akaipata mwenyewe: chukua namba ya shimo, ongeza moja, gawanya kwa 16, shika baki. 15 na 1 ni 16, na 16 kwa 16 baki ni 0, umerudi ulikoanza. Baki! Kitu tulichokiimba shule ya msingi tukiwa hatuna viatu.

Aliniambia pia kuwa mwanzoni aliiomba akili mnemba imwandikie. Ikamletea mchezo wa mashimo 12, ule wa ndugu zetu wa Afrika Magharibi. Sina ugomvi na akili mnemba, itumieni. Lakini asiyejua kuwa kete ni 64 hatajua kuwa imebaki 63, hata aandikiwe na nani.

Ndiyo maana naupenda huo mwaka wenu. Vyuo vingi vya kule, alama za faundesheni haziingii kwenye daraja la shahada. Unatakiwa kuvuka tu. Najua wengine wakisikia hivyo wanalala, wanavuka kwa alama za kubembeleza, halafu mwaka wa kwanza unawakuta na aljebra ileile ya kuchechemea waliyotoka nayo Tanzania. Mimi naona kinyume chake: ni mwaka pekee utakaopata wa kukosea bila kosa kuandikwa kwenye cheti. Rudi kwenye trigonometria mpaka ujue sini na kosini zinatoka wapi. Fanya matriki kwa mkono. Muulize mhadhiri swali la kijinga, kule hawachapi. Na humohumo tengeneza gemu moja ndogo mpaka iishe. Godot ni programu ya bure ya kutengenezea magemu, unaipakua kwa bando la usiku na haikudai senti hata ukiuza kazi yako. Ndogo lakini imeisha, yenye mahali pa kuanzia, pa kushinda, pa kushindwa na pa kutokea. Wengi wana magemu kumi makubwa yaliyoishia kwenye picha ya mhusika mkuu amesimama.

Kuhusu fedha na karatasi nitasema kwa kifupi, ila kwa uchungu. Mpwa wangu miaka ya nyuma alidanganywa na wakala mmoja hapa mjini, ofisi nzuri, kiyoyozi, bendera mezani. Alituambia cheti cha faundesheni ni cheti, kinapokelewa popote. Tukauza ekari moja ya zabibu Mpunguzi. Kijana akamaliza mwaka wake vizuri kwenye chuo kidogo cha binafsi, akaomba chuo kikuu alichokitaka, wakamwambia wao hawakitambui cheti hicho, wanapokea faundesheni yao na ya washirika wao tu. Akaishia kusoma biashara mahali pengine. Hakuanguka mtihani wowote, alianguka kwenye swali ambalo sisi wazee wake hatukuuliza.

Kwa hiyo ulizeni, na majibu yawe kwa maandishi kutoka chuoni kwenyewe. Je, faundesheni iko ndani ya shahada, barua moja ya udahili ya miaka minne, au ni kozi ya pekee na baadaye utaomba upya? Alama gani kwenye hisabati zinakuvusha kwenda kwenye magemu, maana mara nyingine zinazotosha kwa kozi jirani hazitoshi hapo? Halafu nendeni TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, kabla ya kulipa, muulize kama shahada ya chuo hicho itatambuliwa mtakaporudi. Kumbukeni pia kuwa Uingereza, ukitoa Uskoti, shahada ya kawaida ni miaka mitatu. Faundesheni inaongeza ada ya mwaka mzima, chakula cha mwaka mzima na koti la baridi, na ada ya mgeni iko juu ya ile ya mwenyeji. Wazazi waambieni jumla ya miaka minne tangu siku ya kwanza. Msiwape habari kwa awamu kama mkopo wa kausha damu.

Na asiye na hela hizo asijione ameachwa. UDOM ilianza 2007. Kabla ya hapo nilikuwa napita kule mlimani naona vichaka na ng'ombe. Leo kuna chuo kizima cha mambo ya kompyuta, mtu anasoma sayansi ya kompyuta au uhandisi wa programu na jioni anarudi kwao Ng'ong'ona kula ugali. Kiwango cha chini cha TCU cha kuingia shahada ni pointi 4 katika masomo mawili, kisha kila kozi ina masomo inayoyataka. Asiyefika hapo ana njia ya stashahada, na Chuo Kikuu Huria nacho kina faundesheni yake. Hisabati ni ileile. Vekta ya Dodoma na vekta ya Dundee hazitofautiani.

Nimeitaja Dundee kwa makusudi. Ni mji wa Uskoti uliokuwa ukiishi kwa kusokota juti, kisha viwanda vikafa. Huko ndiko ilikotengenezwa gemu ya GTA (Grand Theft Auto) ya kwanza, mwaka 1997, na mwaka huohuo chuo cha hapohapo, Abertay, kikaanzisha shahada ya magemu, ya kwanza duniani. Mji mdogo, wa pembeni, wenye upepo. Mnaujua mji mwingine wa namna hiyo.

Jumamosi ijayo njooni saa kumi. Laptopu ziacheni nyumbani, kila mmoja aje na karatasi ya grafu na penseli. Tutaanza na yule askari anayetazama mashariki, tumweke ukuta mbele yake, tuone kama bado anawaona. Baada ya hapo tutatandika bao. Mwenye komwe za ziada azibebe, za kwangu watoto wa jirani wameniachia 61.

Ni mimi babu yenu,
Mwalimu mstaafu, Kikuyu, Dodoma