Nakala za mifupa ya Nyasasaurus ziletwe kwetu

Ndugu Mhariri,

Kila unapozuka mjadala wa mali kale, hoja huishia kwa mjusi mkubwa wa Tendaguru, dinosaria aliyechimbwa mkoani Lindi ambaye mifupa yake iko Berlin. Sisi wa Nyanda za Juu Kusini hubaki wasikilizaji, ilhali bonde la Mto Ruhuhu, unaopita mpakani mwa Njombe na Ruvuma kabla ya kuingia Ziwa Nyasa, limetoa mifupa ya kiumbe aliyemtangulia mjusi huyo kwa karibu miaka milioni 90.

Kiumbe huyo ni Nyasasaurus parringtoni, aliyeishi takriban miaka milioni 243 iliyopita. Mifupa yake ilikusanywa katika miaka ya 1930 na Francis Rex Parrington wa Chuo Kikuu cha Cambridge, katika miamba inayoitwa kwa jina la Manda, mji wetu wa pwani ya ziwa. Mtaalamu wa visukuku Alan Charig aliichambua katika tasnifu yake ya mwaka 1956, lakini maelezo rasmi yalichapishwa mwishoni mwa 2012, naye alikwisha kufariki mwaka 1997. Watafiti walioyaandika, Sterling Nesbitt na wenzake, waliliweka jina la marehemu miongoni mwa waandishi, jambo ambalo naliheshimu sana.

Kilichopo London, katika Makumbusho ya Historia ya Asili, ni sehemu ya mfupa wa mkono wa kulia, ule wa kati ya bega na kiwiko, pamoja na pingili sita za uti wa mgongo. Pingili nyingine zinazohusishwa naye ziko Cape Town. Mfupa huo wa mkono una ukingo ulioinuka, mahali misuli ilipojishikiza, unaochukua karibu theluthi ya urefu wake, na kipande chake chembamba kilipotazamwa kwa hadubini kilionyesha mfumo wa mfupa wa mnyama anayekua haraka. Hizo ni dalili za dinosaria. Hata hivyo, watafiti wenyewe waliandika kwamba huenda ndiye dinosaria mkongwe kuliko wote wanaojulikana, au ni jamaa wa karibu tu wa dinosaria, kwa hiyo naomba magazeti yetu yasilitangaze jambo hilo kana kwamba limekwisha kuamuliwa.

Wapo wanaosema kwamba mabaki machache kiasi hicho hayana cha kuonyesha. Sikubaliani nao hata kidogo. Mjusi wa Tendaguru, mwenye kimo cha zaidi ya mita 13, anahitaji ukumbi mzima; nakala za plasta za mifupa ya Nyasasaurus zitaenea katika kabati moja la kioo, Ludewa au katika Boma la Iringa. Pembeni uwekwe mchoro unaotenganisha mifupa iliyopatikana na sehemu zilizokisiwa, ukiwemo urefu wake wa mita 2 hadi 3, ili mwanafunzi aone hatua kwa hatua jinsi mtaalamu anavyofikia hitimisho lake na mahali anapolazimika kusita.

Naiomba Makumbusho ya Taifa iwaandikie wenzao wa London kuhusu nakala hizo. Mazungumzo ya kurejesha mifupa halisi yanaweza kuendelea kwa wakati wake bila kuzuia ombi hili.

Mwalimu wa sekondari,
Njombe